Tunajua kuzika, tujifunze kuuguza



Leo Kanisa linaadhimisha Sherehe ya Bwana Wetu Yesu Kristo, Mfalme wa Ulimwengu. Ni Dominika ya mwisho ya mwaka wa liturujia, nayo inatukuta ndani ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu. Makaburi yamefyekwa, mishumaa imewashwa, majina ya wapendwa wetu yameandikwa kwenye bahasha za nia za Misa. Ni jambo jema. Ila leo naomba turudi nyuma kidogo, tuingie katika chumba alicholala marehemu kabla hajaitwa marehemu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mama mmoja katika parokia niliyokuwa nikihudumu. Alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, baada ya kulala kitandani miezi saba. Mazishi yake yalikuwa ya heshima: maturubai mawili, viti 200, kwaya mbili, akina mama wa WAWATA katika sare zao, na chakula kilichotosha hata kwa wapita njia. Mwenyekiti wa jumuiya alisoma michango, na rambirambi ilivuka shilingi milioni moja. Katika mahubiri niliisifu jumuiya ile kwa mshikamano wake.

Jioni, watu walipopungua, binti wa marehemu aliniita pembeni. Alikuwa ameacha kazi yake ya dukani ili amuuguze mama yake. Bahasha ya rambirambi ilikuwa bado mkononi mwake. Akaniambia taratibu, bila hasira: “Padri, fedha hizi zingekuja mwezi wa nane, ningemnunulia mama godoro.”

Sikuwa na jibu. Mama yule alikuwa akilalia godoro lililobonyea hadi kwenye chaga, na mgongo wake ukatoka vidonda. Godoro lile tulilijua. Jumuiya ilisali rozari mbele yake mara nyingi, na binti huyo alikuwa akiinuka katikati ya sala kwenda kuwachemshia wageni chai.

Nami nina deni langu katika habari hii. Katika miezi ile saba nilikwenda mara mbili tu. Mara ya pili nilimpa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu, alinishika mkono wa kanzu akasema, “Padri, kaa kidogo.” Nilitazama saa. Tulikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi saa kumi. Nikamwambia nitarudi. Ni kweli nilirudi: nilirudi kumzika. Nakusimulia haya, ndugu msomaji, usije ukadhani ninakunyooshea kidole kutoka altareni.

Sasa tuisome Injili ya leo, Mathayo sura ya 25, habari ya hukumu ya mwisho. Mfalme anataja watu sita: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na mfungwa. Hesabu vizuri. Kuzika wafu hakumo. Tendo hilo la saba la huruma Kanisa lililichota katika kitabu cha Tobiti, mtu mwadilifu aliyewazika ndugu zake huku akihatarisha maisha yake mwenyewe, likaliweka pamoja na yale sita. Ni tendo takatifu, na sisi Waafrika hatuhitaji kufundishwa namna ya kulitenda. Lakini katika orodha ya Mfalme mwenyewe, mgonjwa anatajwa angali hai.

Tazama na jambo la pili. Mwenye njaa alipewa chakula, njaa ikaisha. Mwenye kiu alinyweshwa, kiu ikaisha. Asiye na nguo alivikwa. Lakini mgonjwa hatuambiwi kwamba alipona, wala mfungwa hatuambiwi kwamba alifunguliwa. Kwa hao wawili Mfalme anataja jambo moja tu: kuna mtu alikwenda. Shida yao haikuondoka, ila hawakuachwa peke yao nayo.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunaogopa kwenda mahali ambapo hatuna la kufanya. Tunajiuliza, “Nitamwambia nini?” Tunapita nyumba ile kwa kuzunguka njia ya nyuma. Tukisikia amefariki tunapumua, kwa sababu sasa kuna la kufanya: kuna turubai la kukodi, kuna kaburi la kuchimba, kuna daftari la michango la kupitisha. Msiba una kazi zinazojulikana, na katiba za jumuiya zetu zimeandika hata kiasi cha kuchanga. Kuuguza hakumo katika katiba nyingi.

Wakristo wa zamani waliliona pengo hili. Huko Lyon, Ufaransa, aliishi mwanamke aliyeitwa Jeanne Garnier. Alifiwa na mume na watoto wake wawili angali kijana. Mwaka 1842 aliwakusanya wajane wenzake ili wawahudumie wagonjwa wasiopona ambao hawakuwa na wa kuwatunza. Hawakuwa watawa, wala hawakuwa waganga. Walikuwa wajane waliokwishaujua uchungu, wakaamua kukaa karibu na wenye uchungu.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Uingereza ilimpata Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari ili apate nguvu ya kubadili namna watu wanaokaribia kufa walivyokuwa wakitunzwa. Mwaka 1948 alimhudumia mgonjwa mmoja, Myahudi kutoka Poland, jina lake David Tasma, aliyekuwa anakufa mbali na kwao. Mtu huyo alimwachia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba ambayo Cicely alikuwa akiota kuijenga. Nyumba hiyo, St Christopher's Hospice ya London, ilifunguliwa mwaka 1967. Ndipo neno hospisi, ambalo asili yake ya Kilatini inahusu mgeni na mwenyeji wake, na ambalo zamani lilitumika kwa nyumba za kuwapokea mahujaji, likapata maana tunayoijua leo.

Cicely alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne. Kuna ya mwili. Kuna ya moyo: hofu, hasira, huzuni. Kuna ya jamii: nani atalipa ada, watoto watabaki na nani, shamba litakuwa la nani. Na kuna ya roho: Mungu yuko wapi, je, amenisamehe? Dawa inatibu upande wa kwanza. Pande tatu zilizobaki zinahitaji watu.

Barani kwetu kazi hii ilianza Harare, Zimbabwe, mwaka 1979, kwa Island Hospice. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk Anne Merriman, daktari kutoka Uingereza aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda. Huko walitengeneza morfini ya maji, ya kunywa kwa mdomo, kwa gharama ndogo, ili mgonjwa aitumie akiwa kitandani kwake kijijini. Na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawakutosha.

Hapa Tanzania huduma hii inaitwa tiba shufaa. Inatolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine, zikiwamo za makanisa yetu. Wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Wanaporudishwa nyumbani, familia hubaki na neno moja tu masikioni: hakuna tena linalowezekana. Neno hilo si kweli. Pengine hakuna tena la kuuondoa ugonjwa, lakini yapo mengi ya kumwondolea mtu maumivu, aibu na upweke. Wala huhitaji kungoja hospisi ijengwe mtaani kwenu. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, na wanaoibeba kila siku ni ndugu na majirani.

Narudi kwa binti yule. Siku ile nilimwuliza, “Katika miezi yote saba, nani alikusaidia?” Akanitajia jirani yao, bibi mmoja mjane anayeuza vitumbua. Hakuwa wa jumuiya yetu. Hakuwa hata Mkristo, ni Mwislamu.

Bibi yule alikuwa akija Jumanne na Ijumaa, akishamaliza biashara yake ya asubuhi. Alikuja na beseni lake na sabuni yake. Wakafua shuka pamoja na binti, wakamgeuza mgonjwa, wakambadilisha. Kisha bibi alimwambia binti, “Sasa nenda kalale, mimi nipo.” Binti alilala saa mbili, na mara nyingine alikwenda sokoni au kusuka nywele. Ugonjwa ule huleta harufu, na harufu ilikuwa imewafukuza wengi. Bibi hakuziba pua. Alifungua dirisha, akakaa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Bibi yule yeye aliuliza. Siku moja alimwuliza mgonjwa anatamani nini, akajibiwa: embe bichi, kwa chumvi na pilipili. Bibi alilitafuta hadi akalipata. Mgonjwa alikula kipande kimoja, kisha wakacheka pamoja wakikumbuka maembe waliyoiba utotoni, kila mmoja kwao. Binti aliniambia hicho ndicho kicheko cha mwisho cha mama yake anachokikumbuka. Na siku ya tatu baada ya mazishi, maturubai yakiwa yameshaondolewa na sisi sote tumetawanyika, bibi alirudi na sahani ya vitumbua, akakaa na binti.

Ukiujua mfano wa Msamaria Mwema, unajua ni akina nani walipita kando katika habari hii. Mmoja wao ni kuhani.

Basi tufanye nini? Sisemi parokia zijenge hospisi, ingawa panapowezekana ni baraka. Nasema tuanze na nyumba moja. Katika mtaa wako kuna mgonjwa ambaye hatapona, na kuna mtu anayemuuguza ambaye amechoka. Nitakutajia mambo machache niliyojifunza kwa watu wanaofanya kazi hii.

Kwanza, muulize anayeuguza kabla hujaingia. Usimwambie “ukiwa na shida niambie”, kwa maana hatakuambia. Mwambie jambo lenye siku na saa: “Jumatano saa nane nitakuja kukaa naye hadi saa kumi, wewe ukapumzike.” Kuna wanaouguza ambao hawajafika Misa kwa miezi mingi, na kwenye jumuiya tunasema wamepoa kiimani. Hawakupoa. Hawana wa kumwachia mgonjwa.

Pili, shika kazi ya mikono. Chota maji, fua, pika uji, fuata dawa, lipa bodaboda ya kwenda kliniki. Mnaposali nyumbani kwa mgonjwa, chemsheni chai ninyi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asitoke vidonda, na kazi hiyo usiku humaliza nguvu za mtu mmoja. Lakini usimwinue wala usimpe dawa kwa kubahatisha. Mwombe muuguzi akufundishe. Hata ile harufu inayowaaibisha wagonjwa, yapo ya kuipunguza, muuguzi atakuambia.

Tatu, jifunze kunyamaza. Rafiki zake Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Walipoanza kuhubiri ndipo walipokosea. Usimwambie mgonjwa ametenda dhambi gani, wala nani kamroga, wala usimletee habari za mtu wa Kibaha aliyepona kwa mizizi. Akitaka kuzungumza juu ya kifo chake usimkatishe kwa kusema “usiseme hivyo, utapona”. Amejipa moyo hadi akasema. Msikilize. Na yale utakayoyasikia na kuyaona katika chumba kile yabaki katika chumba kile.

Nne, usimwondolee dawa kwa jina la imani. Wapo wanaowaambia wagonjwa watupe dawa ili waoneshe kwamba wanaamini. Wapo pia wanaoiogopa morfini, wakidhani ni kulevya mtu au kumharakishia kifo. Ikitolewa na wataalamu kwa kipimo kinachostahili, inamwezesha mgonjwa kulala, kula kidogo, kuongea na watoto wake, hata kusali. Kanisa halina shaka hapa. Papa Pius XII aliwaeleza madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kuyatuliza maumivu kwa dawa, na Katekisimu inaitaja tiba ya namna hii kuwa sura ya pekee ya mapendo. Hatuna ruhusa ya kumwua mgonjwa kwa kumwonea huruma, na hatuna wajibu wa kumwacha ateseke wakati nafuu ipo.

Tano, mwite padri mapema. Bado wengi wanaamini kwamba padri akiingia na mafuta, mauti yapo mlangoni. Mpako ni Sakramenti ya wagonjwa, si ya maiti. Mgonjwa anayeweza kuungama, kuzungumza na kupokea Komunyo anafaidi zaidi kuliko yule tunayeitiwa usiku wa manane akiwa hasikii tena. Na padri akiwa na haraka, una haki ya kumwambia akae.

Sita, nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma mitume wake. Kazi hii inaumiza moyo, na anayeifanya peke yake huchoka akaacha. Akina baba wa UWAKA, hapa sitawaachia akina mama peke yao. Mzee aliyelala hoi huona aibu kuogeshwa na binti yake au mkwe wake. Anahitaji mwanaume mwenzake wa kumwogesha, kumnyoa ndevu, na kumsimulia matokeo ya mpira.

Na jumuiya nzima nayo ina lake. Ikutaneni, mfungue katiba yenu, mwongeze kifungu cha mfuko wa kuuguza. Nusu ya zile fedha tunazotumia kwa viti, vyakula na sare za msiba ingeweza kununua godoro, mashuka, sabuni na pampasi za mgonjwa angali anaziona. Pangeni zamu. Waombeni wauguzi wa hospitali yenye tiba shufaa iliyo karibu waje wawape mafunzo. Wao wenyewe wanahitaji mikono. Na marehemu akishazikwa, zamu isikatike. Mjane, mgane na yatima huanza kulia kweli siku wageni wanapoondoka.

Najua utasema maisha ni magumu, kila mtu anahangaika na mkate wake. Ni kweli. Lakini bibi muuza vitumbua naye ana mkate wa kuuhangaikia. Alitoa nusu siku mara mbili kwa wiki, beseni na embe moja.

Kwa upande wangu, tangu mazishi yale nimejiwekea sharti. Nikienda kwa mgonjwa, simu naiacha kwenye gari, na nikishamaliza sala ninavuta kigoda. Mara nyingi hatusemi kitu. Mara nyingine mgonjwa analala, nami nabaki nikisikiliza anavyopumua. Kwa akili za ofisi ya parokia ni muda uliopotea. Sifikiri Mfalme anauhesabu hivyo.

Mfalme tunayemshangilia leo alipaa utawala wake juu ya msalaba. Usiku wa kuamkia siku ile aliwaomba rafiki zake watatu wakeshe naye saa moja, wakalala. Kesho yake, penye msalaba, Mama yake alisimama, pamoja na wanawake wachache na yule mwanafunzi mpendwa. Hawakuweza kumshusha. Hawakuweza kumpunguzia hata msumari mmoja. Walisimama tu pale alipoweza kuwaona. Anajua, kwa mwili wake, maana ya mtu kukaa.

Dominika ijayo tunaanza Majilio, majira ya kungoja. Kabla hayajaanza, fikiri: ni nyumba gani mtaani kwenu unayoipita kwa njia ya nyuma? Wiki hii pita njia ya mbele. Bisha hodi. Na ukiambiwa kaa kidogo, usitazame saa.

Nakutakia Dominika njema.